Nilidhani ni Papasi

Usiku mmoja wa Agosti mwaka jana, watu wakiwa ndiyo kwanza wanatoka kusali Isha, alibisha hodi kwenye gesti ninayofanyia kazi mgeni Mjerumani, begi mgongoni na fulana imemganda kwa jasho, akiwa na uso wa mtu aliyezunguka vichochoro vya Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, mara tatu na kila mara akatokezea kwenye duka lile lile. Alikuwa ameshuka Malindi kwa boti ya jioni kutoka Dar es Salaam. Desturi yetu ni kumpeleka kijana gatini ampokee mgeni, amsaidie mizigo na amwongoze njia, lakini kwa huyu hatukumpeleka mtu kwa sababu hakutujibu barua pepe ya kumwuliza anakuja kwa boti ya saa ngapi. Naye hakutujibu kwa sababu, kwa maneno yake, hatukumwandikia.

Nilimpa kiti na maji baridi, kisha nikafanya jambo ambalo mtu wa mapokezi hapaswi kulifanya mbele ya mgeni aliyechoka: nikataka kumthibitishia kwamba tulimwandikia. Nilimfungulia barua niliyomtumia siku 21 kabla, nikamwonyesha tarehe. Akatoa simu yake, akatafuta kwenye kikasha, hakuona kitu, akaingia kwenye folda ya barua taka, na huko akaikuta imelala baina ya tangazo la vidonge vya kupunguza tumbo na barua ya mtu aliyempongeza kwa kushinda bahati nasibu ambayo hakuicheza. Ingekaa humo siku tisa nyingine ingefutika yenyewe, kwa kuwa Gmail huzifuta barua taka baada ya siku 30. Juu yake palikuwa na mstari mmoja wa maelezo, unaomwambia mwenye sanduku kwa nini barua hiyo imewekwa pale, nao ulisema kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuripoti barua za mtumaji huyu kuwa ni taka.

Alifikiri kidogo, akakumbuka. Mwezi wa Mei lilimfikia tangazo la bei nafuu la vyumba Zanzibar, akalitazama kwa muda wa kupiga chafya, akabonyeza kitufe cha kuripoti, akaendelea na kazi zake. Halikumpitia akilini kwamba limetoka kwenye gesti ile ile aliyolala mwaka 2019, ambayo mwezi wa Juni aliitafuta kwa makusudi kwenye tovuti ya kuwekea nafasi kwa sababu aliipenda. Alicheka mpaka maji yakampalia, akasema kwa Kiingereza, lakini neno la mwisho akalitia kwa Kiswahili: "Nilidhani ni papasi."

Kwa msomaji asiye wa Unguja, papasi ni wale vijana wanaomwandama mgeni kuanzia gatini mpaka Forodhani, mmoja akiuza safari ya mashamba ya viungo, mwengine safari ya pomboo wa Kizimkazi, mwengine hana anachouza ila anataka kumpeleka hoteli fulani apewe chochote. Wamepewa jina la yule mdudu anayekaa kwenye nyufa za nyumba za udongo na kutoka usiku kumnyonya mtu damu. Si jina la heshima, na wapo miongoni mwao vijana waungwana ninaowafahamu. Lakini nilipoambiwa kwamba barua niliyoiandika mimi, kwenye ofisi yetu, nikiwa na nia njema, imehukumiwa kwa neno hilo, nilikaa nalo muda mrefu.

Barua yenyewe, ile ya Mei, naikumbuka vizuri. Ilikuwa masika, vyumba vitupu, na mwenye gesti, ambaye sote pale humwita Ami, alisema tunayo majina ya kila aliyewahi kulala kwetu, basi tuwaandikie. Nikatoa kwenye madaftari na kompyuta anwani 1,460 zilizokusanywa tangu mwaka 2012, nikazitia kwenye nafasi ya nakala fiche, nikazituma mafungu mafungu kwa sababu kampuni inayotuhifadhia barua huweka kikomo cha idadi kwa saa. Kichwa cha barua nilikiandika kwa herufi kubwa tupu na kukimalizia kwa alama tatu za mshangao. Mahali pa jina la mtumaji palitokea neno moja tu, "info". Kitu cha kwanza ndani kilikuwa picha kubwa ya dari yetu wakati wa magharibi, picha ambayo baadhi ya programu za barua pepe huizuia mpaka mwenyewe airuhusu, kwa hiyo baadhi yao waliona kisanduku cheupe chenye alama ya picha iliyokosekana. Jina la gesti lilikuja mwisho kabisa, chini ya namba ya simu. Njia ya mtu kusema "nitoeni kwenye orodha yenu" sikuiweka, kwa sababu hata haikunijia.

Tulipata wageni watatu kwa barua ile na tukashangilia. Waliokasirika hatukuwaona, maana aliyekasirika haandiki; hubonyeza.

Tangu usiku ule nilianza kujichunguza mimi mwenyewe, kwa kuwa asubuhi zangu zote zinaanza kwa kusafisha kikasha cha gesti. Niliweka daftari la skuli karibu na kompyuta, na kila nilipoiripoti barua niliandika kwa maneno machache ni kitu gani kilichonifanya niiripoti. Huo si utafiti, ni udadisi wa mtu mmoja, lakini ulinifunza kwamba mara nyingi nilikwisha kuhukumu kabla sijaifungua barua. Kwanza jicho hwenda kwenye jina la mtumaji, na swali lake ni moja: namjua? Ikiwa simjui, jicho hushuka kwenye kichwa cha barua kutafuta dalili kwamba yeye ananijua mimi. Ikiwa nako hakuna kitu, husoma yale maneno machache ya mwanzo yanayotokeza pembeni, na yakianza kwa "Mpendwa Bwana au Bibi" au kwa kunitakia afya njema mimi na familia yangu yote, kidole kimekwisha kufika kwenye kitufe. Kazi yote hiyo haimalizi pumzi mbili. Mtu anayetuma barua hudhani atasomwa, ukweli ni kwamba hupimwa mlangoni, kama anavyopimwa mtu aliyebisha hodi usiku na ndani pakaulizwa "Nani?", akajibu "Mimi."

Zipo barua ambazo hukumu yake ni nyepesi. Kuna yule anayetwambia kwamba tovuti yetu haionekani kwenye ukurasa wa kwanza wa Google na yeye ataipandisha. Huyu huja kila wiki, kila mara kwa jina jipya, na sijui ni nani amewahi kumlipa. Kuna wauzaji wa paneli za jua, wa mashine za kufulia, wa mashuka ya hoteli kwa kontena zima, na sisi tuna vyumba tisa. Hao ni wachovu tu, hawadhuru.

Barua zinazotaka akili ni za wageni wa uongo. Huja kwa adabu, na husema kuna kundi la watu 22 wa mkutano au wa harusi, wanataka vyumba kwa siku sita, tarehe yoyote itakayotufaa. Mara ya kwanza, miaka mingi nyuma, karibu nimwite Ami kwa furaha. Lakini aliyekaa mapokezi kwa muda anajua mgeni wa kweli huandika vipi. Mgeni wa kweli ana wasiwasi. Huuliza kama kuna chandarua, kama maji ya moto yapo muda wote, kama adhana ya alfajiri itamwamsha mtoto, kama ngazi ni nyingi kwa mama yake mwenye maumivu ya goti, na baada ya yote hayo huomba apunguziwe bei. Mgeni wa uongo hana wasiwasi hata mmoja. Hajui kama tuna vyumba tisa, bei anaikubali ilivyo, na swali lake la pekee ni kama tunapokea malipo ya kadi. Ukimjibu, hulipa zaidi ya deni, kisha anakuomba ile ziada umpelekee "wakala wa usafiri" asiyekuwa na njia ya kupokea kadi. Kadi huwa ni ya wizi. Benki inazirudisha fedha kwa mwenyewe, na ulichompelekea wakala kimekwenda. Gesti moja ninayoifahamu ililizwa hivyo. Hakuna neno hata moja ndani ya barua ya namna hiyo ambalo chujio la kompyuta linaweza kulishika; imeandikwa vizuri, haina kiungo, haina kiambatisho. Anayeweza kuitambua ni mtu aliyezoea kujibu maswali ya chandarua.

Lakini daftari langu lilinionyesha na aibu zangu. Niliripoti zaidi saa mbili za asubuhi, wakati wageni wanaondoka na simu zinalia, kuliko mchana nikiwa nimetulia. Niliwahi kuripoti barua ya kila wiki ya mapishi ambayo niliiomba mwenyewe, kwa sababu siku hiyo nilitaka kujitoa na sikukiona kiungo cha kujitoa, kilikuwa kimefichwa chini kabisa kwa maandishi ya kijivu juu ya weupe. Niliripoti salamu za sikukuu za kampuni niliyonunua kwao fenicha, si kwa kuwa ni tapeli, bali kwa kuwa fenicha yao ilivunjika mguu. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa barua taka kwa maana ya vitabuni.

Maana ya vitabuni ipo na iko wazi. Shirika la Spamhaus, ambalo tangu mwaka 1998 linatunza orodha za watumaji wabaya zinazotumiwa na kampuni nyingi za barua pepe duniani, husema barua ni taka ikiwa na mambo mawili kwa pamoja: haikuombwa, na imetumwa kwa wingi. Yaliyomo ndani hayahesabiwi. Hata barua ya sadaka ikitumwa kwa maelfu ya watu wasioiomba ni taka. Sheria nazo zina mipaka yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inamruhusu mfanyabiashara kuandika bila ya kuomba idhini, mradi asidanganye kuhusu nani anaandika, aweke anwani yake ya posta, na amwache mtu ndani ya siku kumi za kazi baada ya kukataliwa. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2002, umesema kinyume chake: kwanza idhini, ila kwa mteja uliyekwisha kumuuzia kitu unaweza kumwandikia kuhusu kitu cha namna hiyo hiyo ikiwa ulimpa nafasi ya kukataa tangu mwanzo na unampa kila unapoandika. Kwetu Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautaja ujumbe usioombwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa ya mtu itumike kwa lile alilolitolea. Mgeni wetu alituachia anwani yake ili tumthibitishie chumba cha 2019, si ili tumuuzie masika ya miaka iliyofuata, kwa hiyo hata kabla ya hukumu ya kidole chake sisi tulikuwa tumekwisha kukosea.

Mpokeaji, hata hivyo, hana habari na vitabu hivyo, na Kiswahili chetu kimemsaidia kwa bahati. Kiingereza kiliziita barua hizi "spam", kwa jina la nyama ya nguruwe ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937, jina ambalo kwa sisi wa visiwani lingeleta maudhi mengine juu ya maudhi. Sisi tukasema barua taka, tukiwa na maana ya takataka, na ndani ya neno hilo hilo limejificha neno kutaka. Barua taka ni barua nisiyoitaka. Mwanasheria atapinga, na fundi wa mitandao atapinga, lakini kila nilichokiandika kwenye lile daftari kinakubaliana na maana hiyo, wala hakikubaliani na ile ya Spamhaus.

Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu mashine inayopokea ripoti haijui ni maana ipi niliyoitumia. Zamani kulalamika kulikuwa kazi ya kinywa. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation aliwatumia karibu watu 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, tangazo la mashine mpya, tukio linalohesabiwa kuwa ndiyo barua taka ya kwanza, na waliochukia walisema hivyo wazi, hata wenye kuusimamia mtandao wakamkemea. Waliosoma lalamiko walijua nani kachukia na kwa nini. Leo lalamiko limekuwa kubonyeza tu. Barua inatoka kwenye kikasha, nakala yake inakwenda kwa kampuni ya barua pepe kuchunguzwa, na jina la mtumaji linaandikiwa alama mbaya moja, iwe alitaka kuniibia au alitaka kunitakia sikukuu njema. Alama hizo hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya barua zake zilizofika kwenye vikasha. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimewaambia watumaji wakubwa waziwazi kwamba malalamiko yakifika asilimia 0.3, yaani watu watatu katika elfu, barua zao zitaanza kukataliwa au kuishia kwenye taka, na Google inashauri yabaki chini ya asilimia 0.1. Kwa Google, mtumaji mkubwa ni anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye anwani za Gmail, kwa hiyo gesti yetu haimo. Lakini nilipiga hesabu kwa ajili ya kujitia adabu. Katika watu 1,460, watano tu wakibonyeza umekwisha kuupita mstari ule wa asilimia 0.3. Mimi mwenyewe, asubuhi mbaya, naweza kuwa watano peke yangu.

Watu hawa watano wana nguvu kuliko wale mia kadhaa walioisoma barua wakatabasamu, kwa sababu anayetabasamu habonyezi kitu. Na wana nguvu kuliko anayeifuta bila ya kusema. Hili la mwisho ndilo linalonihangaisha zaidi, kwani ndilo linalotuhusu sisi wa huku.

Mjomba wangu anakaa Chake Chake, anafungasha pilipili manga, mdalasini na hiliki katika vipakiti na kuviuza Unguja na kwa watalii. Miaka kadhaa iliyopita alishiriki maonesho ya biashara, anwani yake ikachapwa kwenye orodha ya washiriki, na tangu hapo kikasha chake kimekuwa kama jaa. Nilipokwenda Pemba wakati wa likizo aliniita nimtazamie simu, nikakaa naye barazani, na nikamwona anavyozisoma. Yeye huzisoma zote, tangu salamu hadi sahihi, kwa sauti ya chini, kama anayesoma barua ya mtoto aliye ng'ambo.

Alifika kwenye barua ya mtu aliyejitambulisha kuwa ni mnunuzi wa Mashariki ya Mbali, anataka tani 40 za karafuu kwa haraka, analipa mapema, anaomba tu namba ya akaunti ya benki na nakala ya kitambulisho. Mimi ningeiripoti kwa jina la mtumaji peke yake. Mjomba aliimaliza, akavua miwani, akasema: "Huyu hajawahi kuiona karafuu. Tani arubaini, na hajauliza daraja wala ukavu wake. Na mimi nitampa karafuu zipi?" Kila mtu wa Pemba anajua kwamba karafuu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kwamba mtu binafsi akizipeleka nje kwa mlango wake mwenyewe hiyo ni magendo. Kwa hiyo barua ile ilijifichua kwa jambo ambalo hakuna chujio la California linaloweza kulijua, na ambalo hata mimi niliyekulia Unguja nilihitaji kukumbushwa. Sijapata kuona hukumu ya barua iliyo safi kuliko ile.

Kisha akaifuta. Nikamwambia, "Mjomba, usiifute tu, iripoti. Hapo juu kuna kitufe." Akanitazama kama niliyemwambia apige simu polisi. "Simjui, hajanidhuru. Kwa nini nimchongee?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu katika malezi yetu kuchongea ni jambo baya na yeye ndiye mmoja wa walionifundisha hivyo. Mtu akikujia na maneno yasiyokufaa, unamwitikia "haya" na kufunga mlango, humtangazi msikitini. Na ninadhani wazee wengi, na vijana wengi pia, wanafanya kama yeye: wanaitambua barua ya uongo vizuri sana, wanaifuta, na ujuzi wao unapotea pamoja nayo. Matokeo yake ni kwamba mashine inafundishwa na wenye hasira za asubuhi kama mimi, wanaoripoti salamu za sikukuu, na haifundishwi na mtu anayejua karafuu. Barua ile ile ya tani 40, kama watu ishirini wa Pemba wangeiripoti badala ya kuifuta, huenda isingemfikia wa ishirini na moja, ambaye pengine ana shida ya fedha mwezi huo na atatuma nakala ya kitambulisho chake.

Kwa ujumbe wa simu tumeanza kuzoea. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zimetufanya tuwe na mzaha nazo, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeweka namba 15040 ya kupelekea meseji za utapeli, nami nawajua watu wanaoitumia bila ya kuona wamemchongea yeyote. Barua pepe bado tunaiona kuwa ni jambo la mtu na sanduku lake.

Kuna na hofu nyengine, nayo ni ya kiungo cha kujitoa. Kwa miaka mingi watu waliambiwa wasikibonyeze, kwani tapeli hukiweka ili ajue kama anwani ina mtu ndani yake, na ushauri huo ulikuwa wa haki na kwa barua za matapeli bado ni wa haki. Lakini umewafanya watu waripoti kila kitu, hata barua ya duka walilonunua kwalo. Kwa sababu hiyo Google na Yahoo, katika masharti yale yale ya 2024, zimewataka watumaji wakubwa wa matangazo waweke njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja, inayotokea juu kabisa karibu na jina la mtumaji, na ombi hilo litekelezwe ndani ya siku mbili. Mimi siku hizi nafanya hivi: nikimkumbuka mtumaji, hata kama amenichosha, najitoa, nisipomkumbuka kabisa, naripoti, na akiwa anataka fedha, nenosiri au kitambulisho, namripoti kwa kile chaguo cha wizi wa taarifa, ambacho wengi hawajui kwamba kiko mbali na kile cha taka. Na kila Ijumaa naingia kwenye folda ya taka kuwatoa waliofungwa bila ya kosa, maana kubonyeza "si taka" nako ni ushahidi, na nimekwisha kuwakuta humo mgeni wa Uholanzi na daktari wa meno wa mtoto wangu.

Upande wetu wa kutuma tulirekebisha mambo machache. Fundi alituwekea kwenye kikoa chetu, yaani jina letu la mtandaoni, zile alama tatu zinazoitwa SPF, DKIM na DMARC, ambazo kwa maneno ya kawaida ni orodha ya wajumbe tunaowaamini, muhuri juu ya bahasha, na maagizo ya kufanya ikiwa mtu mwengine atajifanya ndiye sisi. Barua za kuthibitisha vyumba sasa zina anwani yake peke yake, ili makosa ya matangazo yasiziangukie. Mahali pa "info" pana jina la gesti na neno Zanzibar. Ami hakupenda nilipomwambia tutawaandikia watu 212 tu, wale walioniambia kwa maneno yao kwamba wangependa kupata habari zetu. Aliona tunatupa wateja 1,248 baharini. Nilimkumbusha yule Mjerumani aliyesimama mlangoni, akanyamaza, ingawa si kwa kuridhika. Mstari wa kwanza wa barua ya masika ya safari hii ulisema ulilala kwetu mwaka gani na kwamba ukijibu kwa neno moja hatutakuandikia tena. Bibi mmoja wa Ufaransa alijibu neno hilo moja, nikamwondoa siku hiyo hiyo, na nilifurahi kwamba ameniambia mimi.

Mjomba alinipigia simu wiki mbili zilizopita, saa nne usiku, nikadhani kuna msiba. Alikuwa amepata barua nyengine ya karafuu, safari hii tani 60, na aliyeiandika anaomba pia picha ya hati ya shamba. Aliisoma yote kwenye simu, sentensi baada ya sentensi, akisimama kila penye kosa. Kisha akauliza kile kitufe kiko wapi. Nikamwelekeza.

"Na yeye atajua kuwa ni mimi?" akauliza.

Nikamwambia kwamba kwenye sanduku lake, Gmail haimpelekei mtumaji jina la aliyeripoti. Akakaa kimya, nikasikia anamwita mkewe amletee miwani, kisha kimya tena.

"Imekwenda," akasema.